Iringa Hadi Mbeya, Dakika Hamsini

Mara ya kwanza kusafiri na Dereva, alimng'oa mtu meno mawili kabla hatujafika Mafinga.

Nilikuwa muuguzi mgeni, wiki ya tatu kazini, katika hospitali moja nje kidogo ya mji wa Iringa. Nyuma ya gari la wagonjwa nilikuwa na mkulima aliyepondwa kifua na trekta, na tulikuwa tunamkimbiza Mbeya kwa sababu kwetu hapakuwa na daktari wa kumpasua. Mbele yetu lori la mbao lilikuwa limeshika katikati ya barabara, likipanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Dereva alipiga king'ora, akawasha taa, akapiga honi. Lori halikusogea. Basi akalipita kwa upande wa majani, tairi zikirusha changarawe, akakingama mbele yake, akashuka. Alifungua mlango wa lori, akamvuta dereva mwenzake kwa ukosi wa shati mpaka chini, akampiga ngumi mbili za mdomo, bila haraka, kama mtu anayegongelea msumari. Kisha akarudi, akafuta mkono kwa kitambaa cha kioo, akatia gia.

“Dada, mgonjwa anapumua?”

“Anapumua.”

“Basi.”

Jioni, tulipokuwa tunarudi, lori lilikuwa bado pale pale. Yule mtu alikuwa amekaa kwenye kivuli cha bodi, mdomo umefura, kwa sababu utingo wake hakujua kuendesha. Nilidhani Dereva angepita. Alisimama. Alimwambia utingo alinde mzigo, akampandisha yule mtu kiti cha mbele na kumleta hospitali, na wakati namshona mdomo yeye ndiye aliyenishikia taa. Njia nzima walikuwa wamezungumza habari za giaboksi. Yule mtu aliondoka akiwa ameshukuru.

Watu wa hospitali wanapomkumbuka siku hizi huanza na wale aliowaokoa. Nami nitawafikia hao. Ila naona ni haki kuanza na meno.

Hospitali ilikuwa na madereva watatu. Wawili waliitwa kwa majina yao. Yeye aliitwa Dereva, na mkuu wa hospitali naye alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mfupi, kifua kipana, na viganja vikubwa ambavyo havikulingana na mwili wake. Alikuwa na mashati mawili ya kazi na aliyapiga pasi mwenyewe kwa pasi ya mkaa, akiangalia kila mkunjo. Pombe hakunywa. Jumapili asizokuwa barabarani aliimba besi katika kwaya ya usharika, macho ameyafumba, na watu waliokaa karibu yake walisema benchi lilikuwa likitetemeka.

Sakafu ya gari aliisafisha mwenyewe baada ya kila safari. Hakumruhusu mtu wa usafi aiguse. Alianza na maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto huipika damu ikashika, halafu sabuni, halafu maji tena. Niliwahi kumkuta amepiga magoti ndani ya gari anakwangua kitu katikati ya nati kwa njiti, na alipomaliza aliinusa sakafu, pua ikiwa karibu kugusa bati.

Ndani ya gari hakutaka kelele. Ndugu wa mgonjwa akianza kulia, alimtazama kwenye kioo na kumwambia, “Utalia tukishafika.” Nilimsikia akiwaambia hivyo wazee, wake za watu, na mara moja askari mwenye cheo. Wote walinyamaza.

Barabara hakuipima kwa kilomita. Aliipima kwa saa. Ifunda dakika arobaini. Mafinga saa moja na robo. Makambako saa mbili na nusu, kama mizani haina foleni ya malori. Halafu Igawa, halafu Chimala, halafu Igurusi, halafu mteremko wa Inyala ambako alikuwa akizima redio na kukaa wima, halafu Uyole, halafu Mbeya. Mabasi yalitumia saa sita au saba. Yeye alitumia tano. Alijua ni wapi mgonjwa wa kichwa hawezi kuvumilia matuta, na hapo aliiacha barabara akapita mashambani.

Kuna mwizi mmoja wa pikipiki ambaye nisipomtaja nitakuwa sijasema lolote. Tulikuwa tunarudi kutoka Mbeya, gari tupu, mchana kweupe, katika kijiji kimoja mbele ya Makambako. Watu kama sitini walikuwa barabarani. Katikati yao kijana amefungwa mikono kwa waya, tairi kuukuu imepitishwa kichwani ikakaa mabegani, na mwanamume mmoja ameshika dumu la petroli. Dereva hakupiga king'ora. Aliliingiza gari katikati ya watu polepole, mpaka bampa ikawagusa miguu, na ikaendelea kuwagusa, na mmoja akaangukia ubavuni. Kisha alishuka na mpini wa jeki.

Wa kwanza kumpiga alikuwa yule mwenye dumu. Alimpiga kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko, na nikausikia mfupa. Wa pili alimpiga begani. Kisha akasimama katikati ya duara lile na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayegawa chakula, “Nani mwingine?” Akambeba kijana pamoja na tairi yake, akamtupa nyuma nilipokuwa mimi, na tulipoondoka mawe yakaanza. Kioo cha nyuma kilivunjika chote. Nilimlalia yule kijana na vigae vikaniingia mgongoni. Vingine nilitolewa baada ya wiki mbili.

Alisimama tulipokwisha kwenda mbali kiasi. Alikuja nyuma, akamvua kijana tairi kwa upole mkubwa, akikinga masikio yake yasikwaruzwe, akaukata waya kwa koleo. Kijana alikuwa akilia na kumwita baba. Dereva alimsikiliza, kisha akampiga kofi ambalo sijawahi kuona mfano wake.

“Ukiiba tena,” alimwambia, “nitakuchoma mimi.”

Yule kijana yuko hai. Sikio moja halisikii vizuri, na hilo halikutokana na wanakijiji.

Nyumbani kwake kulikuwa Ipogolo, chini kule karibu na barabara kuu. Mkewe tulimwita Mama Yusta. Alikuwa akiteremka Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu kwa wakulima na kuja kuviuza mjini, na kila safari alikaa huko siku mbili au tatu. Alikuja kwetu mara ya kwanza na kifundo cha mkono kimevunjika. Alisema ameanguka bafuni. Mara ya pili alisema ameanguka tena, na hakuweza kuvuta pumzi vizuri kwa sababu ya mbavu. Mimi ndiye niliyemfunga bandeji. Tulitazamana, sisi wauguzi wawili tuliokuwa zamu, na hatukuulizana kitu. Muuguzi mwenzangu alikwenda kwa daktari kumwambia. Alirudi na jibu hili: “Huyu tukimpoteza, nani atatufikisha Mbeya?”

Nalisema hivi leo kwa urahisi. Wakati ule lilionekana jibu la mtu mzima.

Yusta alikuwa mtoto wao wa pekee. Nilimfahamu akiwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, anasubiri kwenda chuo cha ualimu. Mrefu kumpita baba yake. Alikuwa anakuja hospitali mchana na chakula cha baba yake kwenye hotipoti, na gari likiwa limeegeshwa alipanda kiti cha mbele akamhoji kama mwalimu.

“Igawa?”

“Saa tatu na robo.”

“Jana ulisema tatu na dakika kumi.”

“Jana hapakuwa na ng'ombe.”

Alikuwa binadamu pekee niliyemwona akimchekesha. Alibishana na kila mtu, madaktari, wachungaji, wenye bajaji, na baba yake alimsikiliza akitikisa kichwa, uso umelegea. Kama ungemwona pale tu, mlangoni mwa gari, kijiko mkononi, ungesema huyu ni mtu mpole aliyepewa mikono ya mtu mwingine.

Alimleta Jumapili alfajiri, jua ndiyo linachomoza. Alikuwa amembeba mikononi kama mtoto mdogo, miguu mirefu ya binti inaning'inia.

“Ameteleza kwenye ngazi,” alisema.

Tulimlaza. Nyuma ya sikio la kulia kulikuwa na uvimbe laini, mkubwa kama nusu ya chungwa. Nilimfunua macho: mboni moja ilikuwa imepanuka kuliko nyingine. Na kwenye shavu la kushoto kulikuwa na alama nne, zimesimama, nyekundu zinazoelekea weusi. Niliweka vidole vyangu juu yake bila kufikiri, nikaona vyangu ni vyembamba mno.

Kila muuguzi nchini anajua kwamba mtu aliyepigwa anahitaji fomu ya polisi, PF3. Aliyeteleza haihitaji. Nilikuwa na kalamu mkononi. Dereva alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, shati limepigwa pasi, ananitazama mkono. Niliandika: *Ameteleza nyumbani.*

Daktari alikuja akatazama macho tu. Akasema damu inavujia ndani ya fuvu, anatakiwa Mbeya sasa hivi. Alikwenda nje kupiga simu akiulizia ndege, akarudi anatikisa kichwa. Siku ile haikupatikana. Nadhani alitaka kumfariji mwenzake, kwa maana alimshika bega na kusema, “Kwa ndege ingekuwa dakika hamsini tu, kiwanja hadi kiwanja. Hamsini tu. Sasa ndiyo hivyo, barabara.”

Tulimwambia mwingine ataendesha. Alimsukuma yule dereva mwingine ukutani, akachukua funguo.

Nimesafiri barabara ile mara nyingi. Safari ile peke yake ndiyo inayonirudia. Karibu na Ifunda aligonga mbuzi na hakupunguza mwendo. Baada ya Mafinga alikwangua ubavu wa basi, kioo cha pembeni kikang'oka. Pale mizani, malori yalikuwa yamejipanga hadi mbali, akaingia upande wa wanaotoka, uso kwa uso na magari, na mtu aliyekuwa anavuka na baiskeli alijirusha mtaroni. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika kichwa cha Yusta kwa mikono miwili ili kisitikisike. Alikuwa anakoroma. Kisha mkoromo ukawa unakatika, unarudi, unakatika kwa muda mrefu zaidi.

“Anapumua?” aliuliza Igawa.

“Anapumua.”

“Anapumua?” aliuliza Chimala.

“Anapumua, ila kwa shida.”

Alikata roho tulipoipita Chimala, pale ambapo mashamba ya mpunga yanaanza kuonekana kule bondeni. Nilibonyeza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Aliponiuliza tena nikamwambia hapana.

Hakusimama. Hakuzima king'ora. Igurusi aliniuliza, “Anapumua?” Nikasema hapana, Dereva. Uyole aliniuliza tena. Nikasema hapana. Pale Mbeya alimbeba mwenyewe hadi mapokezi, na karani alipomuuliza jina la mgonjwa, akamwambia, “Saa nne na dakika kumi. Kutoka Iringa. Hakuna mtu aliyewahi.”

Mama Yusta alikuwa Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu. Aliporudi alikuta viti vimeshatolewa nje.

Baada ya msiba ndipo ilipoanza habari ya ndege. Alitafuta ramani ya Tanzania akaibandika kwenye chumba cha madereva, akavuta uzi kutoka Iringa hadi Mbeya, akaukaza kwa pini mbili. Barabara kwenye ramani ile ilipinda kwenda kusini mpaka Makambako ndipo igeuke. Uzi haukupinda. Kila alipopeleka mgonjwa au mgeni uwanjani alimngoja rubani ashuke na kumuuliza umbali. Aliambiwa ni kilomita mia tatu na kidogo kwa mstari wa moja kwa moja, kutoka kiwanja hadi kiwanja. Ndege ndogo ni dakika hamsini hivi, kubwa zaidi ni arobaini, inategemea na upepo. Alimuuliza huyu, akamuuliza na yule, kana kwamba mmojawapo angempa jibu jingine.

Kisha akawa anawaambia watu. Aliwaambia ndugu wa wagonjwa, wanakwaya, wauza mahindi ya kuchoma pale stendi. Siku kiongozi mmoja alipokuja kutuzindulia wodi, Dereva alisimama bila kuitwa na kusema, “Mheshimiwa, kutoka hapa hadi Mbeya kwa ndege ni dakika hamsini. Binti yangu alikufa kwa saa nne.” Kina mama walijifuta macho kwa kanga. Yule kiongozi naye alitoa leso. Nilikuwa safu ya tatu, na mimi pia nililia, na nilijua ninachokijua.

Tatizo ni kwamba alikuwa anasema kweli. Pengine dakika hamsini zingemwokoa. Wapo waliofika Mbeya na damu kichwani wakarudi wanatembea. Ndiyo maana uongo wetu uliweza kukaa miaka yote ile bila kuoza: nusu yake ilikuwa kweli, na ndiyo nusu tuliyokuwa tukiionyesha watu.

Ngumi zake hazikupungua. Dereva mwenzake alimwambia siku moja kwamba yote ni mipango ya Mungu, na alilazwa wiki mbili kwa mbavu tatu. Ndege ndogo ikipita juu, Dereva aliacha kila anachofanya, akaifuata kwa macho hadi inapotea, na mtu yeyote aliyemsemesha katika muda huo alikuwa anajitafutia. Mama Yusta alimwacha kabla mwaka haujaisha. Alihamia Ruaha Mbuyuni moja kwa moja, akakodi shamba. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba hawezi kusikia habari za ndege kila siku mezani.

Kisha Dereva akastaafu, nami nikawa nasikia habari zake kwa mbali.

Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, nilipewa kumsindikiza mgonjwa kwa ndege ndogo ya kukodi, Iringa hadi Mbeya. Sikuwahi kupanda ndege maishani. Mgonjwa alikuwa mwanamke mjamzito mwenye kifafa cha mimba, na kazi ilinishika mikono, lakini kuna wakati alitulia nikatazama chini. Niliiona barabara. Ilikuwa nyembamba kama mshono, inazunguka vilima, inapotea kwenye misitu, inatokea tena mbali na nilipoitegemea. Tuliipita Chimala kabla sijajua kwamba ni Chimala. Tulipotua niliangalia saa. Mwanamke yule alijifungua salama kule Mbeya.

Nilirudi kwa basi. Sikuwa nimepanga lolote, ila basi liliposimama Ipogolo niliteremka.

Alikuwa nje anapaka rangi mlango wa nyumba yake, bluu. Amekonda. Viganja vilikuwa vile vile. Alinikaribisha, akaniletea kigoda, akaendelea kupaka. Tuliulizana habari za watu wa hospitali, nani yupo, nani amehama. Kisha nikamwambia nimetoka Mbeya, na kwamba nilikwenda kwa ndege.

Brashi ilisimama.

“Dakika ngapi?”

“Hamsini na mbili. Tangu magurudumu kuacha ardhi.”

Aliiweka brashi juu ya kopo, akakaa chini kwenye saruji, mgongo kwenye ile rangi mbichi.

“Jumamosi ile,” alisema, “nilirudi nimechoka. Nilimkuta anaosha vyombo. Nikamuuliza mama yako kasemaje kuhusu hela ya vitunguu, akanijibu vibaya. Akasema, baba, unaokoa watu barabarani halafu unakuja kutuua nyumbani. Nikampiga moja. Kichwa kikapiga kona ya ngazi.”

“Nilijua ulimpiga,” nikasema.

“Najua ulijua. Uliandika polepole.”

Alitazama mikono yake.

“Ilikuwa saa nane mchana, Nesi. Saa nane mchana Jumamosi. Mimi nikamleta kwenu saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa ngapi?”

Hilo sikulijua. Miaka yote nilidhani alimpiga alfajiri, akamleta papo hapo.

“Kumi na sita,” nikasema.

“Alikuwa anaongea. Nikasema atalala, atapona, nikimpeleka wataona shavu. Kila saa nikasema ngoja saa moja tena. Gari la hospitali lilikuwa nje.” Alionyesha kwa kidevu pale lilipokuwa limeegeshwa. “Ile ndege ingekwenda na kurudi mara ngapi?”

Nilikaa naye mpaka rangi ikakauka kwenye kopo.

Tulikubaliana kwenda polisi. Mambo ya polisi yamo kwenye majalada na sitayarudia: yeye yuko ndani anasubiri kesi, mimi nimesimamishwa kazi na nimeandika maelezo yangu yote. Lakini alitaka kwanza kwenda kwa Mama Yusta, na hakutaka kwenda peke yake. Asubuhi yake tukapanda basi la kuteremka Ruaha Mbuyuni.

Kule chini ni joto, unavua sweta ukiwa bado ndani ya basi. Tulimkuta kando ya shamba, vitunguu vimerundikwa kwenye turubai, anashona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano nene iliyopinda. Alikuwa na wanawake wawili vibarua. Alituona tunakuja toka mbali na hakusimama.

“Kamwene,” nikamsalimia.

“Kamwene, Nesi.” Hakumsalimia mumewe. Aliwaambia wale wanawake waende kunywa chai.

Dereva aliyasema yote akiwa amesimama, mikono pembeni. Hakujitetea popote. Aliyasema kwa mpangilio, kama alivyokuwa akiyataja majina ya vituo. Mama Yusta aliendelea kushona. Shazia iliingia, ikatoka, kamba ikakazwa. Dereva alipofika kwenye zile saa kumi na sita, mkono wa mkewe ukasimama.

“Alikuwa anasema nini,” aliuliza, “saa zote hizo?”

“Aliomba maji.”

“Ukampa?”

“Nilimpa. Akatapika. Akalala. Akaamka, akauliza mama anarudi lini.”

“Ukamwambia lini?”

“Kesho.”

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea hesabu aliyokwisha kuipiga. Aliichomeka shazia kwenye gunia, akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga. Nilijua anamfuata Dereva. Nilirudi hatua moja nyuma ili nisiwe njiani. Alikuja kusimama mbele yangu.

“Na wewe, Nesi. Ulijua?”

“Saa sikujua. Kwamba alimpiga, nilijua.”

“Tangu siku ile?”

“Tangu siku ile.”

“Ulinishika mkono makaburini,” alisema. “Ulilala kwangu siku tatu. Ulikuwa unanipikia uji.”

Alinipiga kofi. Sikuwahi kupigwa na mtu tangu utoto wangu na nilikuwa nimesahau kwamba kwanza ni sauti, maumivu huja baadaye. Alinipiga la pili kwa mkono mwingine, nikaangukia kwenye vitunguu, vikabingirika kila upande. Dereva alijongea kuniinua.

“Usimguse,” Mama Yusta alimwambia.

Akasimama pale pale. Nilibaki chini. Kisha nilimwona yule mtu, ambaye nilimjua kwa ngumi zake kabla sijamjua kwa sura, akipiga magoti kwenye mchanga mbele ya mkewe, akafumba macho, akainua uso kidogo ili apatikane vizuri.

Mama Yusta alimtazama kwa muda. Nilimwona akiifikia shazia, akaichomoa, akaishika kwenye ngumi, ncha ikiwa nje. Nilitaka kusema kitu, na sikuwa na haki ya kusema kitu chochote pale.

“Ondoka,” alimwambia. “Lori linakuja saa sita, na mimi sijamaliza.”

Akamzunguka, akaketi, akalivuta gunia katikati ya magoti yake na kutafuta mahali alipokuwa ameishia. Dereva alibaki vile vile, macho ameyafumba, uso ameuinua, anasubiri.